Ukiitwa Kutoa Neno Bila Taarifa, Tafuta Mwisho Kwanza

Anayeitwa ghafla kutoa neno huogopa kuanza, lakini kinachowaangusha wengi ni kumaliza. Mtu ameanza vizuri, watu wametabasamu, kisha hajui atokee wapi. Anarudia aliyokwisha kusema, anaongeza "na jambo lingine", hadi wasikilizaji wanaanza kutazama saa. Ndiyo maana sentensi ya kwanza kuitafuta ni ile ya mwisho.

Muda kati ya kutajwa jina na kufika mbele unatosha. Inuka polepole, toa pumzi yote nje ndipo uvute nyingine. Mwili ulioshtuka hupumua juu juu, na sauti hutoka nyembamba ikikatikakatika. Ukiwa unatembea jiulize: wakiondoka na jambo moja tu, liwe lipi? Jibu hilo ndilo utakalofungia.

Halafu tafuta tukio moja la kulibeba. Tuseme unamuaga mwenzako kazini anayestaafu. "Mchapakazi, mwadilifu, mkarimu" ni sifa za kumvika yeyote. Eleza badala yake alivyozihesabu risiti mara mbili kila jioni, mara ya pili akianzia chini kwenda juu, hata siku ambayo zilikuwa sita tu. Kisha funga: "Kwake nimejifunza kwamba kazi ndogo nayo huhesabiwa mara mbili." Nyamaza, rudi ukakae. Hiyo ni dakika moja tu, na kila mtu amemwona anayeagwa.

Tukio lisipokuja, shika mpangilio wa jana, leo na kesho: ilivyokuwa, ilivyo, itakavyokuwa. Ukiulizwa maoni, toa msimamo, sababu moja, mfano mmoja, urudi kwenye msimamo. Sababu zikifika tatu utaisahau ya pili.

Usifungue kwa "sina mengi ya kusema", wala usiombe radhi kwamba hukujiandaa, hilo wanalijua. Anza na tukio lenyewe. Kipaza sauti kikae umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, na usikifunike kichwa kwa kiganja, kitapiga mluzi.

Ukikwama katikati, funga mdomo. Sekunde tatu za kimya kwako ni ndefu mno, kwa msikilizaji ni pumzi tu. "Eeh" na "yaani" huzaliwa pale ulimi unapotangulia wazo, kwa hiyo zoea kufunga midomo kila sentensi inapoisha.

Haya yote hujengwa kwa mazoezi. Katika klabu za Toastmasters, ambako watu hujifunza kuhutubia, zilizoasisiwa na Ralph Smedley huko California mwaka 1924, mwanachama huulizwa swali asilolijua na kujibu kwa dakika 1 hadi 2: taa ya kijani huwaka dakika 1 ikitimia, ya njano dakika 1 na nusu, nyekundu dakika 2. Nyumbani, andika maneno 20 kwenye vikaratasi, chomoa kimoja, fikiri kwa sekunde 15, kisha zungumza dakika 2 simu ikirekodi. Unapojisikiliza usihangaike na sauti yako, ambayo karibu kila mtu huichukia. Hesabu sentensi ulizoongeza baada ya kwisha kumaliza.

Na kabla ya mkusanyiko wowote ambako unaweza kuitwa mbele, hakikisha jina la mwenyeji na matamshi yake, jua watu wamekutana kwa ajili ya nini, na uwe na tukio moja tayari kichwani. Usipoitwa, hujapoteza kitu.