Kisumu hadi Jamhuri na nduthi ya 150, venye mimi huenda kuona motokrosi

Wasee huniuliza kama ni lazima uwe na piki kubwa ndio uende kuona motokrosi, zile mbio za piki za kuruka kwa udongo. Wapi. Mimi hutoka hapa Kisumu na Boxer 150, ile ile ya kubeba watu, na ikifika Jamhuri, uwanja wa mbio pale Nairobi, inapaki kando ya KTM na Yamaha za motokrosi bila aibu. Kitu huharibu hii safari si injini, ni cheni na saa ya kutoka.

Cheni kwanza. Simamisha piki na stendi ya katikati, weka nyutro, bonyeza cheni na kidole sehemu ya chini, katikati ya sproketi mbili, inafaa icheze kama sentimita 2 ama 3. Alafu zungusha gurudumu polepole upime tena kwingine, juu cheni ikishatumika haivutiki sawa, kuna mahali imelegea na mahali imekaza, wewe fuata pale imekaza zaidi. Na usiikaze sana, ukikaa juu na begi nyuma shoki inashuka na cheni inazidi kuvutika. Mimi kuna fundi alinikazia ikawa kama waya wa gitaa, akaniambia hiyo hata Mombasa inafika. Ilikatika nimepita tu Londiani Junction, nikasukuma piki kwa baridi nikimtaja mama yake. Siku hizi natembea na klipu mbili za kuunganisha cheni, plagi moja na spana. Upepo, breki na oili unajua mwenyewe.

Toka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, si saa nne. Ahero na Awasi kuna joto, utajiona ni tisheti tu inatosha, lakini ukianza kupanda Kericho mambo yanabadilika, na mvua ya huko hupenda mchana ukienda jioni, ukichelewa itakuoshea hapo katikati ya majani chai. Vaa jaketi kabla hujaanza kutetemeka. Kama ni nyepesi weka katoni kifuani, usicheke, watu wa boda hawajaanza jana. Kutoka Mau Summit ukishuka Sachangwan hadi Salgaa ni malori, hapo shuka na gia ya tatu ama ya nne, usiende na nyutro eti unaokoa mafuta, na usijibane kati ya lori mbili hata kama unaona nafasi. Ukibeba mtu, naye awe na helmeti na reflekta, ni sheria.

Lala Nakuru. Wengine huona ni kupoteza pesa, mimi naona ndio raha yenyewe, juu tangu 2023 MotoGP, zile mbio za dunia za piki za lami, wako na mbio fupi Jumamosi ya kila wikendi ya mbio, nusu ya zile za Jumapili, na zikiwa Ulaya wakati wa joto huwa saa kumi jioni saa zetu. Tafuta mahali wana TV, agiza chai, uanze kubishana. Mimi bado niko na stika ya 46, namba ya Rossi, kwa tangi na yeye alistaafu 2021, kwa hivyo Márquez, hasimu wake wa zamani, alipochukua taji 2025 usiniulize nililala aje.

Jumapili toka saa kumi na moja na nusu. Kuanzia Kinungi hadi Limuru kuna ukungu, futa kioo cha helmeti na upunguze mwendo. Ukifika Kikuyu ingia Southern Bypass utokee Ngong Road, na usijaribu Expressway, piki haziruhusiwi huko. Hakikisha tarehe kabla hujatoka Kisumu, ratiba huhamishwa.

Ukiwa ndani usikimbilie pale kuna watu wengi. Angalia vumbi linaenda wapi alafu usimame upande upepo unatoka, mahali pa juu kidogo unaona piki ikitua kutoka kwa mruko na kona inayofuata, hapo ndio utajua nani anajua. Mwenye haraka anaruka juu sana watu wanapiga kelele, na yule mwingine ameruka chini chini, ametua, tayari amefungua mafuta, wakifika kona ameshampita. Usikose watoto wa cc 50, hao hawana woga hata kidogo. Na usivuke njia ati juu husikii injini, alafu ukisimama nje ya kona karibu na kamba utakula udongo wa tairi la nyuma, mimi nishaula, una mawe.

Ikifika saa tisa na nusu anza kurudi hata kama hawajamaliza, utafika Kikopey bado kuna mwanga, ule nyama, ulale Nakuru tena. Jumatatu washa saa kumi na moja alfajiri, ikienda vizuri saa tatu uko Kisumu. Bosi mwambie ulipata pancha Awasi.