SOMO: Giaboksi ya Land Rover Series ikifa, unafunga ipi?

Habari wakuu. Hili somo ni la wenye Land Rover za zamani, Series II (1958–1961), IIA (1961–1971) na III (1971–1985), hasa zile za injini 2.25 ya petroli au dizeli maana ndizo nyingi huku kwetu. Ninachokiona kwenye gereji nyingi ni hiki, mtu anaambiwa kuna giaboksi ya gia tano ya Defender inauzwa bei poa, analipa, anaibeba, halafu ndo anaanza kuuliza itakaaje. Mimi nasema angalia gari kwanza, giaboksi baadaye, na kabla hela haijatoka mfukoni piga hesabu, nitaionyesha huko chini.

HATUA YA 1: Hakikisha kweli imekufa

Giaboksi nyingi zinashushwa bila kosa. Kama una II au IIA na inakwangua ukirudi gia ya pili au ya kwanza, hiyo siyo ugonjwa, ndivyo ilivyotengenezwa, sinkro (ringi zinazolinganisha mwendo wa gia ili ziingie bila kukwangua) iko gia ya tatu na ya nne tu. Kanyaga klachi, toa gia, achia klachi, piga resi kidogo, kanyaga tena, ingiza. Series III ndo ina sinkro gia zote nne za mbele, hiyo ikikwangua ndo una sababu ya kuwaza, na hata hapo hakikisha klachi inakata vizuri na haina hewa.

Gia kuchomoka ukiachia mafuta kwenye mteremko, anza na spring za selekta. Unafungua mfuniko wa katikati ya sakafu unazifikia giaboksi ikiwa humo humo ndani, spring ni hela ndogo sana.

Oili ya giaboksi ikipungua na ya transfa (kasha la nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) ikizidi hadi inamwagika ukifungua nati ya kupimia, ni sili ya kati ya hizo mbili imekwisha, oili inahamia upande wa pili. Ukiwahi ni sili tu, ukiendelea kutembelea hivyo giaboksi inakauka na hapo ndo inakufa kweli.

Sasa ile iliyokufa inajulikana kwa sikio. Ikivuma gia ya kwanza, ya pili na ya tatu halafu ukiweka ya nne inatulia, basi ni shafti ya chini na beringi zake, kwa sababu gia ya nne nguvu inapita moja kwa moja bila kushuka kwenye ile shafti. Ikivuma gia zote mpaka ya nne, sikiliza transfa kabla hujalaumu giaboksi. Kumbuka ni makasha mawili yamefungwa pamoja, unaweza kubadilisha moja kwa lingine la Series ukabakiza la pili.

HATUA YA 2: Jua ulichonacho

Usiamini kadi ya gari. Magari haya yana miaka 40 kwenda juu, yamepita mikono mingi, utakuta IIA ina giaboksi ya III na mwenyewe hajui. Soma namba iliyogongwa kwenye kasha la giaboksi pamoja na herufi ya mwisho, ile herufi ndo inakuambia toleo, na spea za ndani zinabadilika toleo kwa toleo. Halafu ingia chini uangalie silinda ndogo ya klachi. Kwenye III imefungwa kwenye belihauzi yenyewe (kasha linalofunika klachi) na inasukuma uma wa klachi ulioko ndani. Kwenye IIA mfumo ni mwingine, kuna kishafti cha pembeni kinachozungushwa na mkono kutoka nje.

Wenye 109 (yaani inchi 109 kati ya ekseli, ile fupi ni 88) ya silinda sita (2.6), belihauzi yenu ni tofauti na ya silinda nne, msinunue kwa kukisia.

HATUA YA 3: Chagua

Chaguo la kwanza ni ileile ya kwako, toleo lilelile. Inaingia bila kukata chuma chochote.

La pili, na ndilo ninalowashauri wengi wenye IIA, ni giaboksi ya Series III. Unapata sinkro gia zote na inakaa kwenye injini ya 2.25 bila adapta, ila ichukue KAMILI, yaani na belihauzi yake, uma, rilisi beringi na silinda ndogo ya klachi. Watu wanachukua giaboksi tupu halafu wanahangaika wiki nzima kutafuta uma. Klachi nayo lazima iendane, IIA nyingi zina pleti ya inchi 9 na III ina inchi 9.5, kwa hiyo kagua flaiwili kama mashimo yanaipokea presha pleti mpya kabla hujafunga chochote.

Chaguo la tatu ndo linaloleta kelele, LT77 ya gia tano kutoka 110 (ilitoka na 110 mwaka 1983) pamoja na transfa yake LT230. Twende kwenye hesabu sasa. Series ukiwa gia ya nne ni 1, transfa 1.148, difu 4.7, zidisha unapata kama 5.4. Yaani injini inazunguka mara 5.4 tairi likizunguka mara moja. Kwa tairi za 750-16 ukiwa 80 km kwa saa injini iko kama 2,900 kwa dakika, ndo maana inapiga kelele.

Weka LT77, gia ya tano ni kama 0.83, transfa ya 1.41, difu zako zilezile 4.7. Jibu ni 5.5! Umekata krosi memba (chuma cha kukatiza chesisi), umebadilisha propela mbili, umelipa fundi, na gia yako ya TANO inazungusha injini zaidi ya gia ya nne ya zamani. Ukipata LT230 yenye 1.22, ile ya Discovery, unashuka hadi 4.8 hivi na hapo ndo unaona faida, kama 2,600 kwa 80. Lakini bado kuna ekseli ya mbele. LT230 inasukuma magurudumu yote muda wote, na ekseli ya Series kule kwenye gurudumu ina krosi ya kawaida siyo CV jointi, ukikata kona usukani unapiga piga na krosi zinaisha haraka.

Chaguo la nne ni kubaki na giaboksi ya Series na kuongeza ovadraivu ya Fairey (giaboksi ndogo ya ziada inayopunguza mzunguko wa injini) nyuma ya transfa. Ni kama 0.78, zidisha kwa 5.4 unapata 4.2, injini inashuka hadi 2,300 hivi kwa mwendo uleule wa 80, na hukati chuma hata kimoja. Kwa anayesafiri lami ndefu hili kwangu linaishinda gia tano bila ubishi.

HATUA YA 4: Kagua kabla ya kulipa

Iwe Gerezani Kariakoo au kwa mtu binafsi, omba muweke giaboksi chini na uwe na muda. Ingiza gia ya kwanza, transfa iwe juu, zungusha shafti ya klachi kwa mkono huku mwenzio anaangalia flenji ya nyuma. Kwa ya Series III lazima uzungushe mara nne na kidogo ndo flenji imalize mzunguko mmoja. Weka ya nne, hapo ni mara moja na kidogo. Shusha transfa ile ya lever nyekundu, ukiwa bado ya nne iwe kama mara mbili na theluthi. Ikikataa popote au ikikwama sehemu moja kila mzunguko, kuna jino limevunjika.

Halafu fungua nati ya chini, oili idondokee kiganjani. Uji wa kijivu laini ni kawaida ya umri. Vipande vinavyochoma kidole siyo kawaida, iache hapo hapo. Oili nyeupe kama maziwa iliingia maji, na beringi zilizolala na maji zina kutu hata kama zinazunguka kimya.

Kufunga sitalirefusha, giaboksi ya Series inatolewa na kuingizwa kupitia ndani ya kebini, unatoa sakafu na boksi la viti, inapita mlangoni. Tafuta winchi, ni nzito.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Iringa): Mkuu nina 109 IIA dizeli nabeba mbao, gia tano itanisaidia kupanda Kitonga?
Jibu: Hapana kaka. Gia ya tano ni ya tambarare. Mlima unapandwa na nguvu ya injini na hiyo dizeli ina farasi kama 62 tu. Gia ya kwanza unayo 3.6, na hata ukifunga ya Series III ni 3.68, karibu sawa. Hela hiyo peleka kwenye nozeli na pampu.

Swali (Nairobi): Bro nimepata beringi za kopi pale Kirinyaga Road, bei ni nusu. Niweke?
Jibu: Gasketi za kopi weka. Beringi za shafti ya chini usiweke, ndizo zinazobeba mzigo wote gia tatu za kwanza. Chukua namba iliyoandikwa kwenye beringi ya zamani, nenda duka la beringi uombe SKF au Timken kwa namba ileile, mara nyingi siyo lazima iitwe ya Land Rover.

Swali (Morogoro): Shikamoo fundi, oili GL5 ina shida gani? Dukani wanasema ndo bora zaidi.
Jibu: Marahaba. Ni bora kwenye difu. Kwenye giaboksi kuna ringi za sinkro za shaba na dawa za GL5 nyingine zinaila shaba. Weka 90 ya GL4, lita 1.5 giaboksi na 2.5 transfa, na kama una ovadraivu ina oili yake peke yake, watu wanaisahau hiyo.

Swali (Arusha): Nimeweka injini ya Toyota, naweza kubakiza transfa ya Series nikafunga giaboksi ya Toyota?
Jibu: Ngumu sana mkuu, shafti ya giaboksi ya Series ndo hiyohiyo inaingia ndani ya transfa, ukitoa moja nyingine haina pa kushika. Ni rahisi kutafuta adapta ya kuunganisha injini yako na giaboksi ya Series, ila uendeshe kwa adabu, haikutengenezwa kwa nguvu hiyo.

Swali (Dodoma): Mimi nimeshanunua LT77 na transfa ya 1.22, gari ni 88. Nianzie wapi?
Jibu: Anza na propela ya nyuma. LT77 ni ndefu na 88 ni fupi, propela itabaki kipande kidogo na pembe ya krosi inakuwa kali. Shikiza giaboksi kwa muda bila kuchomelea, shusha gari ikanyage tairi zake na uweke mzigo kidogo nyuma, ndo upime urefu. Ukipima ekseli ikiwa inaning'inia kwenye jeki utakata vibaya.