Namna ya Kujua Kama Yai Linatoka Kabla ya Kununua Dawa ya Mimba

Mwanamke wa Bukavu anayechelewa kupata mimba huelekezwa upesi farmasia au kwa muuza mitishamba, hata kabla hajajua kama ovari zake zinatoa yai. Afadhali aanze na daftari. Kwa miezi mitatu mfululizo aandike tarehe ya kwanza ya kila hedhi, kisha ahesabu siku zinazopita hadi hedhi inayofuata. Mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida. Ukizidi hapo, au hedhi ikipotea, huenda yai halitoki ipasavyo.

Aangalie pia ute wa ukeni, ambao siku chache kabla ya yai kutoka huwa mwepesi na wenye kuvutika. Hizo ndizo siku za kukutana na mume, kwa kuwa mbegu huweza kuishi hadi siku 5, ilhali yai halimalizi zaidi ya saa 24.

Kinachothibitisha ni kipimo cha damu cha projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, na hapo makosa ni mengi. Wengi hupimwa siku ya 21 tangu hedhi ianze, ambayo humfaa mwenye mzunguko wa siku 28 tu. Kipimo hufanywa takriban siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Hivyo mwenye mzunguko wa siku 35 apimwe siku ya 28, la sivyo ataambiwa hatoi yai wakati yai lake ndilo kwanza linatoka.

Ikithibitika kuwa halitoki, daktari atafute sababu. Iliyo ya kawaida zaidi ni ovari zenye vifuko vingi, ambayo mara nyingi huambatana na chunusi, ndevu au unene, na ekografi, yaani picha ya ndani ya tumbo kwa mawimbi ya sauti, husaidia kuitambua. Nyingine ni kupanda kwa prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, kukonda sana, na hitilafu ya tezi ya shingo. Hii ya mwisho isipuuzwe kwetu Kivu: kisiwani Idjwi rovu, yaani uvimbe wa shingo, lilienea kwa miaka mingi kwa sababu ya upungufu wa iodini, ukichochewa na ulaji wa muhogo usiolowekwa vya kutosha.

Letrozoli au klomifeni, dawa za kuchochea yai kutoka zinazomezwa kwa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko, husaidia wengi, lakini huweza kuleta mapacha na zinahitaji usimamizi wa daktari. Kabla ya kuzianza, mume naye apimwe manii, jambo ambalo familia nyingi hulikwepa. Mwenye umri wa chini ya miaka 35 amwone daktari baada ya mwaka mmoja wa kujaribu. Aliyefikisha miaka hiyo asingoje zaidi ya miezi 6, na ambaye hedhi yake imekatika asingoje kabisa.