Somo: Kutazama ndege kwenye bwawa la Sasumua siku ya ukungu

Julai huku Kinangop Kusini jua laweza kukosekana kutwa nzima, na wengi huahirisha safari. Nawasihi mwende siku hiyohiyo. Jua kali likipiga maji, kila bata huwa kivuli cheusi. Mawingu yakitanda, mwangaza hutulia, wala hakuna hewa ya moto ya kutetemesha picha ndani ya darubini.

Hatua ya 1. Vaa gambuti, koti la mvua na sweta nzito. Bwawa hili huipatia Nairobi maji na lina walinzi, kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Darubini ya 8x42 inafaa: 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi kwa milimita, na lenzi pana huingiza mwanga zaidi. Kitambaa cha kufutia kiweke ndani ya shati kisilowe.

Hatua ya 2. Chagua sehemu moja, utulie. Ukungu ukifunga, usihame. Hufunguka ghafla na kujifunga tena.

Hatua ya 3. Hii ndiyo kazi yenyewe: sahau rangi, soma umbo na mwendo. Mnandi huzama mwili nusu, mdomo ameuinua juu kidogo. Akitoka majini hutandaza mabawa ayakaushe. Kibisi ni mdogo, wa mviringo, kama hana mkia. Hupiga mbizi na kuibukia pengine kabisa. Kukuziwa ni mweusi, ila paji lake jeupe hupenya hata ukungu. Bata bukini akiruka, mabaka meupe ya mabawa humtambulisha kwa mbali. Bata domo-njano, subiri ageuze kichwa.

Hatua ya 4. Andika saa, hali ya hewa na idadi. Wapiga mbizi wahesabu mara kadhaa, uchukue idadi kubwa kuliko zote, maana wengine huwa chini ya maji.

Hatua ya 5. Yape maji kisogo, utazame nyasi za Kinangop. Humo huishi ndege mdogo aitwaye kitaalamu Macronyx sharpei, mwenye kifua cha njano, ambaye hapatikani popote nje ya Kenya na yumo hatarini kutoweka. Anahitaji nyasi zinazoota kwa mafungu, nazo zinang'olewa ili kupandwa viazi na kabichi mwaka hadi mwaka. Linaniuma sana jambo hili. Hutaga chini, basi pitieni njiani, msitawanyike.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, sina darubini. Nije?
Njoo, dada. Kaa karibu na matete. Kibisi na kukuziwa hukaribia ukinyamaza.

Mbona Julai sikuona vitwitwi, wale ndege wa matopeni kando ya maji?
Wengi wao wako kaskazini mwa Ulaya na Asia wakizaliana. Watafute kuanzia Septemba. Kufikia Mei karibu wote huwa wameondoka.

Naweza kucheza sauti ya ndege kwenye simu ili huyo wa nyasi ajitokeze?
Hapana, ndugu yangu. Dume hudhani amevamiwa, akaacha kula na kulinda kiota amtafute mpinzani asiyekuwepo. Panda kwenye kingo ya barabara, upepese darubini juu ya nyasi; mara nyingi husimama juu ya fungu la nyasi au nguzo ya ua.