Kupima damu baada ya kujifungua: mwongozo kwa watafiti wa wodi ya uzazi

Tafiti nyingi za kuvuja damu baada ya kujifungua huharibikia kitandani, kabla takwimu hazijafika kwenye kompyuta. Anayekadiria kwa jicho huandika pungufu, na damu ikizidi naye huzidi kupunja. Katika utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023, hospitali zilizotumia shuka la plastiki lenye mfuko wa vipimo ziligundua takriban asilimia 93 ya wanawake waliovuja damu. Zilizobaki na utaratibu wao wa kawaida ziligundua asilimia 51 tu.

1. Weka mipaka kwenye itifaki, yaani mpango wa maandishi wa utafiti. Andika unaanza kuhesabu lini, unaacha lini, na kikomo chako, yaani kiasi cha damu kinachohesabika kuwa ni kuvuja, ni kipi. Kwa uzazi wa kawaida, kikomo kinachotumika sana ni mililita 500. Ridhaa iombwe mapema, kliniki. Uchungu ukishakolea, mama atasaini chochote umpelekee.

2. Pima vitu vikiwa vikavu. Chachi, pedi, mashuka: kila aina iwe na uzito wake, ubandikwe ukutani karibu na mizani. Shehena mpya ikiingia, pima upya.

3. Tandika shuka la mfuko kwa wakati wake. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukilitandika mapema, mfuko unajaa maji ya uzazi na unaishia kupima maji. Subiri mtoto atoke, maji yaishe, ndipo ulisukume chini ya makalio ya mama, mfuko ukining'inia wazi. Akikojoa humo, andika hivyo kwenye fomu.

4. Soma mfuko kila baada ya dakika 15 katika saa ya kwanza. Inama macho yawe sawa na mstari. Ukisoma umesimama, unapotosha. Na huduma haisubiri fomu. Katika E-MOTIVE matibabu yalianza damu ilipofika mililita 500, au 300 iwapo kulikuwa na dalili mbaya, mfano mapigo ya moyo kwenda mbio au shinikizo la damu kushuka. Atakayejaza fomu asiwe yule anayehudumia.

5. Pima vilivyolowa, kisha toa uzito mkavu. Gramu moja ihesabu kama mililita moja. Damu ni nzito kidogo kuliko maji, lakini kosa hilo ni dogo. Tuseme mfuko unasoma 340. Pedi nne zilizolowa zina gramu 290, na zikiwa kavu zilikuwa 80. Hizo ni mililita 210 zaidi, jumla 550. Mfuko peke yake ungemwacha mama huyu chini ya kikomo, na kwenye jedwali lako angehesabika mzima.

6. Kwa upasuaji, soma chupa ya mashine ya kufyonza damu baada ya maji ya uzazi kwisha, anza kuhesabu upya, na toa kwenye hesabu maji yote ya kusafishia tumbo. Muuguzi wa chumba cha upasuaji ndiye anayejua yalikuwa kiasi gani. Muulize kabla hajamwaga.

7. Kagua namba kila wiki. Kosa likatwe kwa mstari mmoja, lisainiwe na kuwekwa tarehe, bila kufutwa. Kisha chora chati ya vipimo vyote. Vikirundikana kwenye 450 na kupungua ghafla baada ya 500, kuna anayekadiria badala ya kupima. Linganisha zamu kwa zamu, mimi huanza na ya usiku, halafu nenda ukasimame pale mizani inapotumika.