Jinsi ya kuomba viza na vibali vya kwenda kambi ya chini ya Everest, na kwa nini usichukue viza ya siku 15

Nimerudi Moshi kutoka Nepal wiki mbili zilizopita na tayari watu watatu wameniuliza kuhusu makaratasi, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Safari yenyewe ilinipa nilichokuwa nakitafuta. Nilitembea kutoka Lukla, mji mdogo wenye uwanja wa ndege ambako njia inaanzia, nikalala vijiji vya Washerpa, wenyeji wa milima ile, kimoja baada ya kingine hadi Gorak Shep, na nikafika kambi ya chini, mita 5,364. Kilichoniumiza ni uamuzi mmoja nilioufanya uwanja wa ndege kwa haraka, nikitaka kubakiza dola 20. Hadi naondoka Nepal ulikuwa umeshanila dola 60 za uhamiaji, na pesa ya kubadilisha tiketi juu yake.

Kabla hujatoka nyumbani

Pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele. Watanzania, Wakenya na Waganda tunapata viza tukifika uwanja wa Tribhuvan, Kathmandu. Wenye pasipoti za Somalia na Ethiopia hawapewi viza uwanjani. Wao wanaomba ubalozini kabla ya kusafiri. Kama mnaenda kikundi na mmoja wenu ana pasipoti ya nchi hizo, lake limalizike kwanza ndipo mlipie tiketi. Beba na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Sisi wa ukanda huu tunaulizwa, na kuitafuta kadi ukiwa tayari Doha au Dubai haiwezekani.

Fomu ya mtandaoni

Fomu ya viza ya utalii iko kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji ya Nepal. Angalia anwani ya tovuti iishie na .gov.np, maana ziko nyingine zinazofanana nayo zinazotoza pesa. Kujaza fomu ni bure, unalipia viza ukifika. Pakia picha ya pasipoti, jaza taarifa zako, na uwe na anwani kamili ya hoteli utakayofikia, pamoja na namba ya wadi, ambayo ni kama kata kwetu. Muulize mwenye hoteli kabla hujaanza, kwa sababu wengi tunakwama hapo kwenye wadi.

Ukimaliza, mfumo unakupa risiti yenye mistari ya kuskani. Ichapishe. Sasa sikiliza vizuri: risiti hiyo inaishi siku 15 tu tangu siku uliyotuma fomu. Mimi niliijaza mwezi mzima kabla ya safari, nikaiweka kwenye faili pamoja na tiketi nikijua kazi imeisha. Nilipofika dirishani nikaambiwa imekufa, nirudi kwenye mashine za kujazia fomu zilizoko uwanjani nijaze upya. Ndege mbili zilikuwa zimetua karibu kwa pamoja, mashine nyingine zilikuwa hazifanyi kazi, na nilikuwa sijalala tangu Kilimanjaro. Jaza fomu siku tano au sita kabla ya kuondoka, si mapema zaidi ya hapo.

Dirisha la malipo, na siku ngapi

Viza ziko za aina tatu: siku 15 kwa dola 30, siku 30 kwa dola 50, na siku 90 kwa dola 125. Unajaza fomu, unalipa kwenye dirisha la benki, kisha unapeleka risiti ya malipo kwa afisa wa uhamiaji. Beba dola taslimu, noti safi zisizochanika. Usitegemee kadi.

Nikiwa kwenye mashine, nimechoka na watu wamejipanga nyuma yangu, nikahesabu ratiba yangu kwa vidole nikaona inatosha. Nikachagua 15. Nataka uione hesabu hiyo, kwa sababu kwenye karatasi haina kasoro yoyote.

Siku ya 1 unafika Kathmandu. Ya 2 unanunua vitu vilivyobaki na usiku wake unaondoka kwa gari kwenda uwanja wa ndege wa Manthali. Ya 3 unaruka hadi Lukla na kutembea mpaka Phakding. Ya 4 unapanda Namche, mita 3,440, na ya 5 unabaki hapohapo mwili uzoee hewa nyepesi ya juu. Ya 6 Tengboche, kwenye monasteri. Ya 7 Dingboche, mita 4,410, na ya 8 unabaki tena. Ya 9 Lobuche. Ya 10 Gorak Shep, unaacha mzigo na kwenda kambi ya chini na kurudi. Ya 11 unapanda kilima cha Kala Patthar alfajiri kuuona Everest wenyewe, kisha unashuka Pheriche. Ya 12 Namche, ya 13 Lukla, ya 14 ndege ya Kathmandu, ya 15 unaondoka nchini.

Siku 15 kamili, na hakuna hata moja ya akiba. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri ndege Lukla angeniambia hesabu hiyo ni ya hatari, ila sikumuuliza yeyote. Uwanja wa Lukla uko karibu mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 527 tu na imelala kwenye mteremko, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde. Rubani anatua kwa macho. Wingu likifunga bonde hakuna ndege, na hakuna wa kumlalamikia. Mimi siku ya 14 niliamka saa kumi na moja alfajiri nikakaa na begi langu hadi mchana, na siku ya 15 hivyohivyo, na ya 16. Nimeruka siku ya 17, viza ikiwa imeshaisha tangu ya 15.

Lakini si pesa inayonifanya niandike kwa urefu hivi. Nikiwa Dingboche, siku ya mapumziko, nilimwomba mwongozaji wangu tuiruke twende Lobuche ili nipate siku moja ya ziada ya viza. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu usiku. Alikataa, akasema kama nataka kwenda niende bila yeye, na akanipikishia supu ya vitunguu saumu jikoni kwa wenyeji wetu. Mimi ni mtu wa Moshi. Nimekua nikisikia wagumu, yaani wapagazi wa mlima Kilimanjaro, wakiwaambia wageni pole pole kila siku ya Mungu, na nimewaona waliobebwa kushushwa kwa machela kwa sababu ya haraka. Na bado karatasi ya dola 30 ilitaka kunipandisha juu ya mita 4,900 na kichwa kinachogonga. Chukua siku 30. Ukibakiwa na siku kumi na mbili, hazijakudhuru chochote.

Vibali viwili, siyo vitatu

Kilimanjaro tumezoea kampuni ilipe ada za hifadhi, na mgeni aweke jina tu kwenye kitabu getini. Njia ya Everest unaweza kufanya mwenyewe na si kazi ngumu. Vibali ni viwili.

Cha kwanza ni cha halmashauri ya Khumbu Pasang Lhamu, ya eneo la Khumbu linalopitiwa na njia hii, iliyopewa jina la Pasang Lhamu Sherpa, mwanamke wa kwanza wa Nepal kufika kilele cha Everest, mwaka 1993, aliyefariki akishuka. Utapita chini ya lango la kumbukumbu yake ukitoka Lukla. Kibali hiki kinakatwa hukohuko Lukla unapoanza kutembea, au Monjo. Kilikuwa rupia 2,000, sasa ni 3,000. Usikitafute Kathmandu.

Cha pili ni cha kuingia Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha, jina la Kinepali la mlima huo. Ni rupia 3,000 kwa mgeni na kodi juu yake. Unaweza kukikata Kathmandu kwenye ofisi ya Bodi ya Utalii, au getini Monjo, siku ya pili ya kutembea. Nilikikata Monjo asubuhi na mapema kabla vikundi vikubwa havijafika, ikachukua dakika kumi. Vikundi hulala Phakding na kufika Monjo kuanzia saa nne hivi, kwa hiyo wewe ondoka Phakding saa kumi na mbili.

Kwa vyote viwili beba pasipoti yenyewe, picha ndogo mbili, na rupia taslimu zisizopungua 8,000 zilizotengwa pembeni. Karatasi zikae mfuko wa nje wa begi, kwa sababu Jorsalle, mbele kidogo ya Monjo, unaonyesha tena, na ukishuka pia utaulizwa.

Kuna karatasi ya tatu, kadi ya watembea milimani inayojulikana kama TIMS. Njia nyingine za Nepal wanaitumia, lakini Khumbu kibali cha halmashauri kilichukua nafasi yake. Wakala mmoja mtaa wa Thamel, Kathmandu, aliniuzia kwa rupia 2,000 akinihakikishia kwamba bila hiyo nitarudishwa. Kutoka Lukla hadi Gorak Shep hakuna mtu hata mmoja aliyeomba kuiona. Wakikung'ang'aniza, waulize ni kituo gani njiani kinachoikagua, kisha ondoka.

Kuhusu mwongozaji: tangu tarehe 1 Aprili 2023 Bodi ya Utalii ilitangaza kwamba wageni wasitembee hifadhini bila mwongozaji mwenye leseni. Halmashauri ya Khumbu haikuufuata utaratibu huo kwenye njia yake, na nimekutana na wengi wanaotembea wenyewe bila kusumbuliwa. Mimi nilimchukua mmoja na nimeshakueleza Dingboche alinifanyia nini. Kama hujawahi kulala juu ya mita 4,000, usiende peke yako.

Ndege ya Lukla

Ukinunua tiketi, soma inaondokea wapi. Misimu yenye wageni wengi, yaani masika yao na vuli, karibu na Aprili na Oktoba, ndege nyingi za Lukla haziondoki Kathmandu. Zinaondokea Manthali, wilaya ya Ramechhap, mwendo wa gari wa saa nne hadi tano, na unatoka Kathmandu kati ya saa saba na saa tisa usiku. Wakala mwingine ataandika "Kathmandu–Lukla" halafu gari la Ramechhap akutoze peke yake. Uliza kabla ya kulipa.

Omba ndege ya kwanza au ya pili asubuhi. Kuanzia mchana upepo na mawingu hupanda bondeni na safari zilizobaki zinafutwa, na wewe wa ndege ya tano unahamishiwa kesho, nyuma ya wale wa kesho. Mzigo ni kilo 15 kwa jumla, kilo 10 za begi na 5 za mkononi, na wanapima kweli.

Kati ya ndege ya kutoka Lukla na ndege ya kurudi kwenu acha siku tatu tupu. Nne kama unaweza.

Bima

Hutaulizwa bima getini, na ndiyo maana watu wanaipuuza. Isome mstari kwa mstari. Nyingi za safari zinaishia mita 3,000 au 4,000, yaani zinakuacha kabla hujafika Dingboche. Unataka iliyoandikwa wazi kwamba inalipia matembezi hadi mita 6,000 na uokoaji wa helikopta. Kutoka huko juu mgonjwa anashushwa kwa helikopta, na bila bima ni maelfu ya dola. Namba ya simu ya kampuni ya bima iandike kwenye karatasi. Simu huzima chaji kwa baridi.

Ukiwa tayari una viza ya siku 15

Kama umesoma hapa ukiwa Kathmandu na muhuri wa siku 15 uko kwenye pasipoti, usipande kwanza. Nenda ofisi ya Idara ya Uhamiaji, Kalikasthan, eneo la Dillibazar, ukaongeze muda. Fomu ya kuongeza nayo inajazwa mtandaoni kabla ya kwenda. Kiwango cha chini ni siku 15 kwa dola 45, kwa hiyo hata ukihitaji tatu utalipia zote. Fika kabla ofisi haijafunguliwa na pasipoti mkononi. Kumbuka kwamba Jumamosi ndiyo siku yao ya mapumziko na Jumapili hakuna uhakika, kwa hiyo uliza hoteli siku za kazi za wiki hiyo.

Ukichelewa kama mimi, unalipa dola 45 hizohizo pamoja na faini ya dola 5 kwa kila siku iliyopita. Nilifika Kathmandu siku ya 17 jioni, ofisi imefungwa. Asubuhi ya siku ya 18 nikawa mtu wa nne kwenye foleni: siku tatu, dola 15, jumla 60. Nilibeba tiketi ya Lukla iliyofutwa na picha za wingu nilizopiga uwanjani nikidhani zitanisaidia, lakini sheria inahesabu siku, haihesabu mawingu. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa na muhuri mpya, na ndege yangu ilikuwa imeshaondoka siku tatu kabla.