Somo: Namna ya kupata miadi ya maana kwenye BIO International Convention

Wengi wanaokwenda BIO, mkutano wa kila mwaka wa bayoteknolojia huko Marekani, kwa mara ya kwanza wana picha ya maonyesho ya Sabasaba kichwani: unapanga banda, unagawa vipeperushi, mteja anapita. Mabanda yapo, tena makubwa, na nchi nyingi zina ya kwao. Lakini mikataba haianzii hapo. Inaanzia kwenye mfumo wa miadi uitwao BIO One-on-One Partnering, ambao huzikutanisha kampuni mbili mezani kwa takriban nusu saa. Miadi hiyo hutafutwa wiki kadhaa kabla ya safari. Anayefika bila miadi amelipia kutazama.

Kwa asiyeufahamu: mkutano huu huandaliwa na Biotechnology Innovation Organization, jumuiya ya kampuni za bayoteknolojia yenye makao Washington, na kwa kawaida hufanyika Juni. Mwaka 2023 ulikuwa Boston, 2024 San Diego, 2025 ukarudi Boston. Watu hufika karibu 20,000.

1. Linda uvumbuzi kabla ya kuueleza

Hatua hii inazidi zote kwa uzito, maana ukikosea hapa hakuna cha kurekebisha baadaye. Ukitangaza uvumbuzi kabla ya kuwasilisha ombi la hataza (patent), iwe kwa bango, slaidi au hata maelezo kwenye wasifu wako katika mfumo wa miadi, umeuondolea upya wake, ambao ni sharti la hataza. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja baada ya kutangaza mwenyewe. Ulaya kwa kawaida haitoi nafasi hiyo. Kwa hiyo ombi liwe limeshaingia: KIPI (taasisi ya hataza) kwa Kenya, BRELA (wakala wa usajili) kwa Tanzania Bara, au ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la mali bunifu, kule Harare.

Tarehe ya ombi la kwanza inakupa miezi 12 ya kuwasilisha kwingine huku ukidai tarehe ileile. Ukipitia PCT (mkataba wa kimataifa wa maombi ya hataza) ndani ya muda huo, nchi nyingi zitakusubiri hadi mwezi wa 30 tangu tarehe ya kwanza ndipo uingie moja moja, na huko ndiko fedha inakoisha: mawakili, tafsiri, ada. Mnunuzi wa leseni, yaani ruhusa ya kutumia uvumbuzi wako, atakuuliza tarehe hiyo ya kwanza mapema sana. Anapiga hesabu ya miezi iliyobaki na nani atalipa.

Pia atauliza mwenye mali ni nani. Kama utafiti ulifanyika chuoni, pata barua ya chuo inayosema wazi nani ana haki ya kujadili leseni. Mazungumzo mazuri huvunjika hapa, kwa sababu kampuni haiwezi kusaini na mtu asiye na mamlaka.

2. Tiketi na wasifu

Kabla ya kulipa, soma kama tiketi yako inaingia kwenye mfumo wa miadi. Tiketi ya maonyesho peke yake haitoshi.

Kwenye wasifu, sentensi mbili za mwanzo ndizo husomwa. "Kampuni bunifu inayoongoza kwa suluhisho za afya Afrika" haimwambii mtu chochote. Andika, kwa Kiingereza safi, kitu cha namna hii: kipimo cha haraka cha ugonjwa wa brusela kwa ng'ombe, kinatumia maziwa, hakihitaji friji, kimejaribiwa shambani, ombi la hataza limewasilishwa, tunatafuta mtengenezaji wa kumpa leseni. Bidhaa, hatua iliyofikia, ulinzi, unachotaka. Namna kinavyofanya kazi kwa ndani usiiweke.

3. Kuomba miadi

Lenga mtu, usiishie kwenye jina la kampuni. Kampuni kubwa za dawa hugawa maofisa wao wa uendelezaji biashara kwa maeneo ya magonjwa. Ukimtumia wa saratani habari za chanjo ya mifugo, ombi linafia kwake. Ujumbe usizidi maneno 100, na uanze na sababu ya kumchagua yeye.

Kosa linalowaumiza wengi ni kalenda. Mfumo hupanga meza pale nafasi za pande zote mbili zinapokutana. Ukifunga asubuhi zote ili usikilize mihadhara, ombi lililokubaliwa linaweza kubaki bila saa. Acha kalenda wazi, mihadhara ijaze mapengo.

4. Nusu saa yenyewe

Andaa slaidi 10 hadi 12 zisizo na siri, kwenye tableti na kwenye karatasi. Usitegemee projekta, na ukumbi una kelele. Dakika tano za kujieleza, kumi za data, kumi za maswali yao, tano za mwisho ni kukubaliana: nani atatuma nini, lini. Onyesha na data zilizokwenda vibaya, kwa sababu wataalamu wao watazikuta tu. Barua pepe ya kukumbusha iende ndani ya siku mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Morogoro): Mkuu, naweza kubeba dondoo ya mmea wetu nikawaonyeshe?

Jibu: Usibebe. Vimelea na mazao ya mimea au wanyama vinaweza kuhitaji kibali cha Marekani, na kuna Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa kuhusu kupata rasilimali za kijenetiki na kugawana faida zake, iliyoanza kutumika 2014. Kampuni za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kuonyesha kuwa rasilimali ilipatikana kihalali. Beba data, na nakala za vibali vyako vya utafiti. Sampuli itafuata baadaye kwa mkataba wa kuhamisha sampuli.

Swali (Nairobi): Barua ya mwaliko inatosha kwa viza?

Jibu: Inasaidia, lakini si dhamana. Unahitaji B-1, viza ya safari ya kibiashara: fomu ya DS-160, ada, kisha usaili. Ada hairudishwi ukikataliwa. Masharti hubadilika kulingana na pasipoti, kwa hiyo anza na tovuti ya ubalozi kabla ya kulipia usajili au ndege, na usome masharti ya kurejeshewa ada ya mkutano. Njia ya Marekani ikiwa ngumu, tazama BIO-Europe, inayofanyika Ulaya kuelekea mwisho wa mwaka kwa mtindo huohuo wa miadi.

Swali (Dar): Saa za simu za maandalizi zinanichanganya.

Jibu: Mwezi Juni Boston iko nyuma yetu kwa saa 7, San Diego kwa saa 10. Wao wakiwa saa 2 asubuhi, sisi ni saa 9 alasiri kwa Boston na saa 12 jioni kwa San Diego. Kwenye kalenda andika mtindo wa saa 24 (08:00, 15:00), maana ukiandika 2 kwa hesabu ya Kiswahili, wao watasoma 2:00 yao, yaani saa 8 yetu.

Swali (Mombasa): Wakiniuliza bei ya leseni nisemeje, dada?

Jibu: Usitaje tarakimu mkutano wa kwanza. Taja muundo: malipo ya mwanzo, malipo kwa kila hatua itakayofikiwa, na mrabaha, yaani sehemu ya mauzo. Kisha uliza wanataka matumizi gani na nchi zipi. Kama wanalenga Ulaya na Marekani, sema tangu hapo kwamba haki za Afrika Mashariki unabaki nazo. Ukizitoa ndani ya leseni ya dunia nzima, utahitaji ruhusa yao kuuza bidhaa yako mwenyewe hapo sokoni Kongowea.